Siku Niliyoitika Abee

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kazi hii haimlei mwongo. Chuma ama kimeshika ama hakijashika. Ukimdanganya mteja leo, kesho geti linamwangukia mguuni. Naanza na hilo ili ujue ni nani anayezungumza nawe. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Mtanda, hapa hapa Lindi mjini, saa saba mchana, nimeshiba, sina homa, na kileo sijawahi kukionja. Ukitaka kucheka, subiri, mahali pa kucheka papo. Hata mimi huwa nacheka.

Lakini kwanza nikueleze habari ya muziki, maana bila muziki ule kisa chenyewe hakipo.

Niliacha shule kidato cha pili. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka, na nyuma yangu walikuwapo mabinti wawili: Mwanaidi, wa miaka tisa, na Somoe, ambaye alikuwa bado halali mpaka afunikwe kanga ya mama. Ndugu za baba walikaa kikao, wakataka kuwagawa, huyu aende Rasbura, yule apelekwe Masasi. Nikasema hagawanywi mtu. Walinicheka, kijana hana hata ndevu. Wiki iliyofuata nikaenda kujifunza kuchomelea, na mpaka leo wadogo zangu hawajawahi kulala nyumba mbili tofauti kwa sababu ya shida.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu, kuna kijana anaitwa Chande. Ana kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Siku moja nilimpelekea simu aniwekee taarabu na singeli. Akaniambia, "Fundi, mgeni mmoja aliyekuja kupima miamba kanisahaulia kadi yake hapa. Ina minyimbo ya ajabu. Nataka kuifuta."

"Hebu niisikie kwanza."

Akaibonyeza. Chande alikunja uso kama aliyetafuna muarobaini. "Kaka, huu si muziki. Hii ni ajali ya lori la mabati!"

Mimi sikucheka. Mtu anayeshinda na grenda mkononi sikio lake linajifunza mambo. Linajua kelele ya chuma kinachokatwa vizuri na kelele ya chuma kinacholia kwa uchungu. Nilichokisikia kwenye kile kibanda kilikuwa kelele iliyopangwa, mstari juu ya mstari, kila kiungo kimeshika. Nywele za mikono zilinisimama. Nikamwambia Chande asifute, aniwekee zote.

Mwanaidi, aliyekuwa sekondari na Kiingereza chake kimenyooka, ndiye aliyenisomea habari zao kwenye mtandao. Walikuwa watu wanne, na kila mmoja, kabla hawajakutana, alikuwa nguzo ya kundi lake mwenyewe. Ni kama uwachukue manahodha wanne uwapakie chombo kimoja. Majina yao yalitushinda kutamka, tukawapa yetu. Mwimbaji tulimwita Mnguruma. Mpiga gitaa, Kidole. Wa besi, Mtulivu. Wa ngoma alikuwa Nyundo, na huyo ndiye niliyempenda kuliko wote, kwa sababu ya kazi yangu. Kundi lenyewe tuliliita Wale Wanne.

Walirekodi albamu tatu tu, wakaachana. Ya kwanza ina nguvu kupita zote. Unasikia watu wanne wakishindana nani ataangusha nyumba kwanza, na nyumba haianguki. Ya tatu naipenda kwa huruma. Waliirekodi wakiwa wamenuniana, kila mmoja nchini kwake, vipande vikaja kuunganishwa baadaye. Hakuna mahali unaposikia mtu akimsubiri mwenzake avute pumzi. Mimi nimeona viungo vya namna hiyo: kwa nje vinang'aa, ukigonga vinatoa sauti ya utupu.

Ya pili ndiyo yenyewe. Waliirekodi ndani ya ghala kuukuu la chumvi, lililoachwa tupu miaka mingi, kwa ajili ya mwangwi wake. Sisi watu wa Lindi chumvi tunaijua, kwa hiyo niliiona kama albamu ya nyumbani. Niliisikiliza kila siku nikifunga kazi, baada ya swala ya alasiri, sabufa imewekwa juu ya rafu ya vijiti vya kuchomelea.

Kiingereza hatukukielewa, mimi na Somoe. Nyimbo tulizipa majina kwa jinsi masikio yetu yalivyopenda. Mmoja uliitwa Wali Mbichi, kwa sababu Mnguruma anapofika kwenye kiitikio, naapa, anasema wali mbichi. Mwingine ni Baba Kapanda. Na wimbo wa tano wa albamu ile ya pili uliitwa Somoe.

Ulikuwa hivi. Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza ghafla. Halafu sauti inatoka mbali sana, kama mtu yuko mwisho wa ghala, inaita: "Sooo-mo-eee!" Nyundo anapiga mapigo manne, mazito, polepole. Sauti inaita mara ya pili. Kisha wote wanne wanaingia pamoja, na hapo, ndugu yangu, hata kama umekaa utasimama.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitano wakati huo, na mcheshi wa kupindukia. Kila sauti ile ilipoita, popote alipokuwa, jikoni au bafuni, alipaza sauti: "Abeee!" Tukacheka. Ikawa mchezo wetu wa kila siku.

Mwanaidi alitafuta maneno ya wimbo yalivyoandikwa. Akasoma, akarudia. "Kaka, hapa katikati hapajaandikwa kitu. Hata neno moja."

"Labda wamesahau."

"Labda," akasema, akaizima simu.

Jirani yetu Bi Nuru, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, hakuipenda ile tabia hata kidogo. Siku moja alichungulia juu ya ukuta wa ua. "We Somoe! Unamwitika nani?"

"Namwitika Mzungu, bibi!"

"Mzungu umemwona?"

"Yumo kwenye sabufa."

"Shika adabu yako. Hukufunzwa? Ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Mara ya pili, unanyamaza. Binadamu ataita mara ya tatu, maana ana shida na wewe. Yule mwingine haiti mara tatu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kaka mtu, unacheka tu. Haya, chekeni."

Tulicheka. Unadhani ningefanya nini? Wimbo uliotoka Ulaya, umekuja na kadi ya mpima miamba, umepita kibandani kwa Chande. Nani angekaa mle?

Siku yenyewe umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi. Ilipofika saa saba jua lilikuwa utosini, mtaa umelala, hata kuku hawapiti. Mwanaidi alikuwa shuleni. Somoe hakwenda, alikuwa ametoka kuugua. Yuko uani nyuma ya karakana, anakuna nazi. Nilikuwa nasikia mbuzi yake, kwaru, kwaru. Mimi nilikuwa nagonga mabaki ya uchomeleaji kwenye geti la mteja.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama mlangoni.

Alinisalimia vizuri, salamu ya Kiislamu, nikaitikia, nikamkaribisha. Mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, na kwa joto lile hakuwa na tone la jasho. Najua unachotaka kuniuliza. Baadaye kidogo niliitazama miguu yake, ndiyo. Ilikuwa miguu kama yako, ndani ya kandambili. Kivuli nacho, saa saba mchana, nani ana kivuli cha maana?

Akauliza, "Hapa ndipo panapopigwa ule wimbo?"

"Wimbo upi, mzee wangu?"

"Ule unaonyamaza katikati."

Niamini, nilifurahi! Miaka yote ile mtaa mzima uliniona mwehu, leo anakuja mtu mzima, mwenye kanzu, anauliza wimbo wa tano. Nikamvutia kigoda. Nikaanza kumwaga niliyokuwa nayo moyoni: albamu ya kwanza hivi, ya tatu vile, Nyundo anavyochelewesha pigo kwa makusudi. Alisikiliza kwa utulivu, akiitikia kwa kichwa mahali panapostahili. Nilipofika kwenye albamu ya pili nikasema, "Hii walirekodi kwenye ghala tupu la chumvi."

Akasema, "Ghala halikuwa tupu."

Alisema polepole tu, kama mtu anayekusahihisha jina la mtaa. Hapo ndipo nilipoitazama ile miguu.

"Yule mwimbaji aliita ili apime mwangwi," akaendelea. "Mwangwi uliorudi ulikuwa mimi. Waliupenda, wakauacha ndani ya wimbo. Tangu hapo naita. Naita nchi nyingi, nyumba nyingi. Watu wanasikiliza, wanapiga mayowe, wanatikisa vichwa. Hakuna aliyewahi kuniitika. Mpaka binti wa nyumba hii."

Nikasema, "Wewe umeita jina lake?"

"Mimi naita tu. Kila mmoja husikia anavyosikia. Yeye alisikia jina lake, akasema abee. Tena si mara moja." Akaiweka sawa kanzu yake magotini. "Nawe ndiye walii wake. Baba hayupo. Nimekuja kwa adabu, nimepitia mlangoni. Niruhusu niende naye."

Uani, kwaru, kwaru. Somoe alikuwa anaimba kidogo kidogo, wimbo wa shule.

Nilimwambia hapana. Sikumwambia kwa ushujaa; sauti yangu ilikuwa kama ya kifaranga. Lakini lile neno nilishalisema mbele ya ndugu za baba, na mtu akishalisema mara moja linajua njia ya kutoka.

Hakukasirika. Akasema, "Unazipenda rekodi zao. Unajua walikusudia nne?"

Nilijua. Kila anayewapenda Wale Wanne anajua kuwa ya nne haikurekodiwa.

"Isikilize."

Akafungua mdomo. Sijui nikuambie vipi. Hakuimba. Muziki ulitoka ndani yake kama joto linavyotoka kwenye tanuri. Gitaa la Kidole lilikuwamo, besi ya Mtulivu ilikuwamo na niliisikia kwenye mbavu, Nyundo alikuwamo, na Mnguruma, wote wanne, bila kununa, wakisubiriana pumzi. Sabufa yangu, iliyokuwa haina umeme, ilianza kutetemeka juu ya rafu kama inayotaka kusalimia. Geti lililoegemea ukuta lililia kwa sauti moja ndefu. Kila nilichowahi kukipenda kwenye zile albamu tatu, nikaelewa kuwa ni watu waliokuwa wakigonga mlango, na hii sasa ndiyo nyumba yenyewe. Machozi yalinitoka. Nilisahau karakana, nilisahau Mtanda. Nisikufiche: kwa muda fulani, sijui ni mrefu kiasi gani, nilimsahau hata Somoe.

Muziki ukakatika.

"Utakuwa wako," akasema. "Wako peke yako. Mpaka ufe."

Je, ungekuwa wewe? Usijibu haraka. Mimi nilichukua pumzi tatu kabla ya kujibu, na pumzi hizo tatu nitaulizwa siku ya kiyama.

Kilichoniokoa ni mbuzi. Nilisikia mkuno wa nazi umesimama, kisha sauti ya mdogo wangu: "Kaka! Umeme umerudi? Mbona unapiga muziki bila mimi?"

Nikasema, "Hapana. Huyu hatoki hapa."

Yule mtu akainuka. "Basi nitamwita mwenyewe. Akiitika, walii huna neno tena." Akageuza uso kuelekea uani, akaita.

"Sooo-mo-eee!"

Ilikuwa sauti ile ile. Ndani ya rekodi inatoka mbali. Pale ilikuwa hatua mbili kutoka sikioni mwangu, na niliona vumbi la chuma sakafuni likikimbilia pembeni. Nikamsikia Somoe akivuta pumzi ya kuitika, tena kwa kicheko, kama kila siku. Ningempigia kelele anyamaze? Angeuliza kwa nini, na kuuliza nako ni kuitika. Mikono yangu ikafanya inachokijua. Nikaipiga nyundo kwenye geti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mazito, polepole. "Abee" yake, kama ilitoka, ilizama mle ndani ya chuma.

Yule mtu alinitazama, na naapa alipendezwa. "Unaujua wimbo," akasema.

Niliujua. Nilijua kuwa baada ya mapigo manne anaita mara ya pili, na kwamba ya tatu haipo. Nilijua pia kuwa mkono wangu hauwezi kupiga tena. Ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani. Akavuta pumzi. Akaita.

"Sooo-mo-eee!"

Na mimi, mwanamume mzima, fundi, mwenye ndevu sasa, kaka wa mabinti wawili, nikaitika kwa sauti yangu yote, mtaa mzima usikie:

"ABEEE!"

Hapo ndipo mahali pa kucheka. Cheka. Kwetu mwanamume akiitwa husema naam. Abee ni ya wanawake, na anayeikosea hata akiwa mtoto wa miaka mitano atataniwa mpaka aoe. Lakini naam isingefaa. Aliyeitwa alikuwa binti, na jibu la binti ni moja tu.

Yule mtu aliniangalia kuanzia utosini mpaka miguuni. Kisha kona za mdomo wake zikapanda.

"Abee?" akasema.

"Abee," nikarudia. "Nimeitika mimi."

"Jibu ni jibu," akasema. Akanyoosha mkono, akanigusa sikio la kushoto, halafu la kulia, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. Akageuka, akatoka mlangoni kwenye lile jua. Sikumwona akifika barabarani.

Ghafla grenda ikanguruma chini, nilikuwa nimeiacha imewashwa. Umeme ulikuwa umerudi. Somoe akatokea, mikono imejaa nazi, anakufa kwa kicheko. "Kaka! Nani kaitika abee? Ni wewe? Wallahi nitamwambia Mwanaidi!" Ng'ambo ya barabara Chande alikuwa ametoa kichwa kibandani: "Oya, abee mpenzi! Umeitwa na nani?" Mpaka leo ndivyo anavyonisalimia, na wateja wameiga.

Nilitaka kumkumbatia mdogo wangu. Nikafungua kinywa nimwite. Midomo ilitembea, koo lilitetemeka, lakini sikusikia kitu. Nikajaribu tena. Maneno mengine yote niliyasikia: njoo, kaa, nipe maji. Jina lake tu. Mahali pake palikuwa na kimya kile kile cha katikati ya wimbo, chenye upana ule ule.

Ndivyo nilivyo. Ukilitaja mbele yangu, naona mdomo wako umefunguka, nami sisikii. Kuliandika naliandika vizuri, kama unavyoona. Nilikwenda hospitali, wakapima masikio, wakasema ni mazima kuliko ya wengi. Nilikwenda kwa mwalimu mmoja Rasbura, akanisomea siku saba, mwisho akaniambia, "Mwanangu, hukuibiwa. Umetoa kwa hiari yako. Kilichotolewa sina kisomo cha kukirudisha." Wimbo wa tano nausikia wote isipokuwa ile miito miwili. Albamu ya nne sijaisikia tena, na sitakudanganya, zipo siku naitamani.

Mwaka jana mdogo wangu aliolewa. Amemaliza chuo, ni mwalimu, na kijana ni wa watu tunaowajua. Walii ni mimi. Nilikaa kwenye mkeka mbele ya shehe, nimeshikana mkono na bwana harusi, msikiti umejaa, Chande nyuma ametulia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shehe akasema, "Haya, mtaje."

Unaelewa? Ndoa haifungiki mpaka walii amtaje anayemwozesha, na wote wasikie. Nikasema, "Nimekuozesha dada yangu," nikafika ukingoni mwa kile kimya. Nikauambia mdomo wangu utende kama ulivyokuwa ukitenda tangu alipozaliwa. Ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Mimi sikusikia chochote. Nikainua macho niwatazame mashahidi wawili, wazee, nijue kama nimesema jina la mtu au nimesema upepo. Mmoja akaitikia kwa kichwa. Kisha wa pili.

Bwana harusi akasema, "Nimekubali."

Wewe mwenye wadogo, au watoto, chukua hili nililokupa. Muziki wasikilize, mimi simkatazi mtu muziki. Bado naupiga kila alasiri. Lakini wakisikia sauti inawaita ndani ya simu, ndani ya redio, kwenye nyumba ambayo wanajua haina mtu, wafunge midomo yao na wahesabu. Sauti isiyofika mara ya tatu, waiache ipite. Na kama wameshazoea kuitika kwa mchezo, wewe mkubwa wao usiende mbali na nyumba saa saba mchana.